Sura ya Tano: Tumbo la Kioo

Swali lilinikuta Tongoni, pwani ya Tanga, maji yakiwa yametoka na akina mama wameshuka kwenye mashamba yao ya mwani. Nilimwamkia mmoja aliyekuwa ameinama juu ya kamba, akifunga vipande vya mwani kwa taitai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye unayeandika vitabu? Hebu niambie. Nimesikia redioni eti mwani unamzuia ng'ombe kujamba. Kweli hiyo, au ndiyo mambo ya redio?"

Wenzake wakaangua kicheko. Juu ya ufuo, nyuma yetu, ng'ombe wawili walikuwa wamefungwa kwenye mnazi, wanacheua kana kwamba hawasemwi wao. Nikafungua mdomo nijibu, kumbe jibu fupi sina. Kusema "kweli" ingekuwa uongo, na kusema "si kweli" ingekuwa uongo mkubwa zaidi. Nikamwambia nitarudi.

Tuanze na hilo neno kujamba, maana redio nyingi hukosea hapo. Methani ya ng'ombe haitoki nyuma, au hutoka kidogo tu. Zaidi ya asilimia 90 hupitia mdomoni na puani, kwa mbweu. Ng'ombe hupiga mbweu karibu kila dakika, usiku na mchana, na nyingi hazisikiki hata na aliyesimama kando yake. Si utovu wa adabu. Mbweu zikizibwa, gesi humjaa ubavu wa kushoto mpaka ngozi ikakaza kama ngoma, na bwana mifugo asipowahi, mnyama anakufa mchana kweupe.

Gesi yenyewe inatoka wapi? Ukweli ni kwamba ng'ombe hawezi kuyeyusha nyasi. Hana kimeng'enya cha kuvunja nyuzi zake, kama wewe na mimi tusivyo nacho. Alicho nacho ni chumba kikubwa tumboni, kile cha kwanza kati ya vinne, ambacho wataalamu hukiita rumeni. Ndani yake wamo wapangaji wasiohesabika: bakteria, protozoa, kuvu. Hao ndio wanaokula nyasi. Wanazichachusha gizani, bila oksijeni, katika joto la nyuzi 39, na ng'ombe anaishi kwa asidi wanazoziacha, mojawapo ikiwa ni ile ile inayoipa siki ukali wake. Baadaye, chini kidogo, anawayeyusha hata wapangaji wenyewe na kupata protini yake. Mwenye nyumba mkali huyo.

Uchachu huo huzalisha haidrojeni. Haidrojeni ikirundikana, kazi inakwama, kama jiko la kuni lililojaa moshi usio na pa kutokea. Hapo huingia kundi jingine la wapangaji, arkea, viumbe ambao kwa muda mrefu walidhaniwa kuwa bakteria mpaka Mmarekani Carl Woese alipoonyesha mwaka 1977 kwamba ni ukoo wao wenyewe kabisa. Hawa huchukua molekuli nne za haidrojeni na moja ya hewa ya ukaa, wakatengeneza moja ya methani na mbili za maji. Methani, basi, ndiyo dohani ya jiko hilo. Ukiiziba ovyo, moshi unarudi ndani.

Ila dohani hiyo ina gharama mbili. Ya kwanza anailipa mfugaji: kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyomo katika chakula cha ng'ombe hupotea kama methani. Ya pili tunailipa sote. Methani hukaa angani kwa takribani miaka 12 tu, muda mfupi ukilinganisha na hewa ya ukaa, lakini katika hesabu ya miaka 100 kilo moja yake huongeza joto mara 27 hivi kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, nchi zaidi ya mia moja ziliahidi kwa pamoja kuipunguza kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Lakini huwezi kujua umepunguza kitu ambacho hukukipima, na namna ya kupima mbweu si jambo linalomjia mtu akilini mara moja.

Alessandro Volta, yule ambaye jina lake tunalitaja kila tunaposema volti, aliikusanya methani mwaka 1776 kwenye matope ya Ziwa Maggiore, Italia. Alichokoa tope kwa fimbo na kukinga viputo kwa chupa iliyojaa maji. Ng'ombe huwezi kumchokoa kwa fimbo ukamkinga mdomo kwa chupa. Lakini unaweza kufanya kitu cha ajabu zaidi: kulitoa tumbo nje ya ng'ombe na kulitia kwenye kioo.

Kazi huanza kabla ya jua. Maabara yenye uwezo hufuga ng'ombe au kondoo wawili watatu waliofanyiwa upasuaji na kuwekewa tundu lenye kizibo cha mpira ubavuni. Mnyama anaishi hivyo miaka mingi, anakula, anacheua, na anayemtazama mara ya kwanza ndiye hupata kizunguzungu. Maabara isiyo na mnyama wa namna hiyo huenda machinjioni alfajiri na kuomba kilichomo tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa muda huo huo. Maji ya tumbo hutiwa kwenye chupa ya chai iliyopashwa joto kwa maji moto, ikajazwa mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi. Wapangaji wale hawaivumilii oksijeni. Dakika chache za uzembe zinatosha kuwaua wengi wao, na vipimo vyako vya siku nne vitakuwa vipimo vya mzoga.

Maabarani, maji hayo huchujwa kwa kitambaa cha tabaka nne huku hewa ya ukaa ikipulizwa juu yake kufukuza oksijeni. Aliyewahi kukamua tui kwa kifumbu hahitaji kufundishwa hatua hii. Kisha huchanganywa na mate ya bandia. Ng'ombe mkubwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, na mate hayo yana magadi yanayozuia tumbo lisichachuke kupita kiasi. Mwaka 1948 mtafiti aitwaye McDougall alichapisha kilichomo katika mate ya kondoo, na tangu hapo maabara duniani kote hutengeneza mate ya aina hiyo kwa chumvichumvi za kupima kwenye mizani.

Vifaa vyenyewe ni mabomba makubwa ya sindano, ya kioo, ya mililita 100. Njia hii iliasisiwa na Mjerumani Menke na wenzake wa chuo cha Hohenheim mwaka 1979, na hadi leo ndiyo inayopendwa na maabara zisizo na fedha nyingi. Chukua chakula unachotaka kukipima, tuseme nyasi zinazoota chini ya minazi ya Tongoni, au majani ya lusina, au mashudu ya nazi. Kikaushe, kisage kipite kwenye chujio la milimita moja, kisha pima miligramu 200. Ni kama uzito wa punje tisa kumi za mchele. Mimina ndani ya bomba, paka vaselini bastola yake, yaani kile kijiti cha kusukumia, ili iteleze na isivujishe, ongeza mililita 30 za mchanganyiko wa maji ya tumbo na mate, toa viputo, funga, weka kwenye joto la nyuzi 39. Halafu subiri.

Baada ya saa moja mbili, bastola inaanza kusogea yenyewe. Hilo sijaacha kulishangaa. Kitu kinapumua mle ndani, na mistari ya mililita iliyochorwa kwenye kioo inakuambia kimepumua kiasi gani. Unasoma baada ya saa 3, saa 6, saa 12, saa 24, wengine huendelea mpaka saa 96. Kwa hiyo kuna mtu wa kuamka usiku. Katika maabara moja niliyokaa, umeme ulikatika saa nane za usiku siku ya pili, jenereta ikagoma, na hadi kulipopambazuka joto la mabomba lilikuwa joto la chumba. Mabomba 60, na kila bastola imeganda pale pale. Tulimwaga vyote, tukaenda tena machinjioni.

Sasa, tahadhari. Gesi iliyosukuma bastola si methani yote, wala hata nusu yake. Sehemu kubwa ni hewa ya ukaa, na sehemu ya hewa ya ukaa hiyo haikutoka hata kwenye chakula: asidi zinazozalishwa zinapokutana na magadi ya mate, mchanganyiko unatoa povu kama unapokamulia ndimu kwenye magadi. Tena maji ya tumbo yenyewe, hata bila chakula kipya, yana mabaki yanayoendelea kuchacha. Kwa hiyo kila mara lazima yawepo mabomba matupu, yenye maji na mate bila nyasi, ili gesi yake itolewe katika hesabu. Nimesoma ripoti zisizotaja mabomba hayo. Sizisomi mara ya pili.

Kuitenga methani, maabara tajiri hutumia kromatografu ya gesi, mashine inayopitisha gesi kwenye bomba jembamba refu ambamo kila aina husafiri kwa mwendo wake, kisha methani huungua kwenye ulimi mdogo wa moto na kuandikwa kama kilele kwenye grafu. Maabara maskini ina njia nyingine, na akina mama wa pwani na visiwani wanaotengeneza sabuni za mwani wanaifahamu nusu yake bila kujua: kostiki. Ile ile ya sabuni. Unaingiza mililita chache za kostiki kali ndani ya bomba, unatikisa, nayo inaimeza hewa ya ukaa yote. Bastola inarudi ndani. Kilichobaki juu ya maji, kwa sehemu kubwa, ni methani.

Tuseme bomba lako limetoa mililita 45, bomba tupu 7. Zimebaki 38. Baada ya kostiki, na baada ya kuondoa ya bomba tupu tena, methani ni mililita 6 na nusu. Uzito wake ni miligramu nne na kitu, kutoka miligramu 200 za nyasi. Yaani gramu 21 hivi kwa kila kilo ya nyasi kavu. Hapo kishawishi kinakuja chenyewe: ng'ombe wangu anakula kilo 5 kwa siku, basi anatoa gramu 105, mara siku 365, kilo 38 kwa mwaka. Kalamu chini, kazi imekwisha.

Haijaisha. Hesabu hiyo ndiyo ambayo mtu hapaswi kuifanya. Ndani ya bomba, nyasi hukaa saa 24 hata zikiwa laini. Ndani ya ng'ombe, laini hupita upesi na ngumu hubaki. Wapangaji wa kwenye bomba walitoka kwa mnyama aliyezoea chakula kingine, na hawakupewa wiki tatu za kuzoea hiki. Hakuna ukuta wa tumbo unaonyonya asidi. Hakuna kucheua. Watafiti wawili wa Uskoti, Czerkawski na Breckenridge, walijaribu mwaka 1977 kulikaribia tumbo la kweli kwa kuunda mtambo ambamo mate ya bandia hutiririka mfululizo na chakula huingizwa kwa vifuko kila siku, kwa majuma kadhaa. Ni bora zaidi, na ni ghali zaidi, na bado si ng'ombe.

Basi kioo kina faida gani? Kinalinganisha. Ukiwa na vyakula 20 na swali la kipi kina moshi mwingi kuliko kipi, bomba litakujibu ndani ya siku moja kwa gharama ya mboga. Watafiti wa Tanzania wamelitumia hivyo kwa majani ya miti ya malisho ya Usukuma, ile inayotunzwa kwenye ngitili kwa ajili ya kiangazi. Mingi ina tanini, ambayo Kiswahili kimeijua zamani kwa jina la ukakasi, kile kinachoukaza ulimi ukitafuna ndizi mbichi. Ukakasi huwabana wapangaji wa methani, lakini unabana pia protini, na kioo kinaweza kuonyesha vyote viwili: unatia kwenye bomba la pili dawa inayoushika ukakasi, kisha unaangalia bastola hii ilivyoipita ile. Na mafuta ya nazi? Miaka ya 1990, watafiti wa Zürich waliyajaribu kwenye mtambo wa kioo, kisha kwa kondoo wenyewe, na kote methani ilishuka. Uswisi hakuna mnazi hata mmoja. Jambo hilo hunikera kidogo kila nikipita Pangani.

Afrika Mashariki nayo iliingia mapema katika historia ya kazi hii, ingawa vitabu vyetu vya shule havisemi. Robert Hungate, Mmarekani aliyewafundisha wenzake namna ya kufuga vijidudu visivyotaka oksijeni, alikuja kufanya kazi huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Yeye na wenzake walipima kasi ya uchachu tumboni mwa wanyama wa pori, wakaona kwamba wadogo huchachusha kwa kasi kuliko wakubwa. Mwaka 1960 wakachapisha ulinganisho wa ng'ombe wa Kizungu na zebu, yule mwenye nundu anayeitwa wa kienyeji. Kisha ikapita miaka mingi kabla mtu hajamuuliza tena zebu swali hilo.

Katika ukimya huo, alipewa namba ya kuazima.

Pwani hii ina uzoefu wa kupewa majina na wapita njia. Aprili 1498 mojawapo ya meli za Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu mbele ya Mtangata, ambalo ndilo jina la zamani la Tongoni. Januari 1499, wakirudi kutoka India na mabaharia hawatoshi tena kuendesha vyombo vyote, waliiteketeza hapo hapo kwa moto. Mafungu wakayaita São Rafael. Milima waliyoiona kwa mbali, Usambara, nayo wakaipa jina hilo hilo, bila kumuuliza Msambaa hata mmoja. Watu wa Mtangata, waliokuwa na msikiti wa mawe na makaburi ya nguzo ambayo mabaki yake yapo mpaka leo, waliendelea kuita milima kwa jina lake.

Namba za ng'ombe zilikuja kwa mtindo huo. Nchi inapotakiwa kutaja methani ya mifugo yake na haina vipimo, hufungua mwongozo wa IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi. Mwongozo wa mwaka 2006 unasema ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa hutoa kilo 31 za methani kwa mwaka. Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu ng'ombe milioni 33.9 Tanzania. Zidisha, unapata tani milioni moja na kidogo. Dume la Ugogo, mtamba wa Kagera, na wale wawili wa kwenye mnazi, wote kilo 31, masika na kiangazi. Siwalaumu walioandika mwongozo. Walisema wazi kwamba ni namba za kutumia pale pasipo na bora. Ninachoona ni kwamba "pale" pamekuwa petu kwa muda mrefu mno.

Na namba hizo zina makali. Kwa ng'ombe wa maziwa, mwongozo huo huo unampa wa Marekani Kaskazini kilo 128 kwa mwaka na wa Afrika kilo 46. Kwa kichwa, wetu ni msafi karibu mara tatu. Lakini wa kule amekadiriwa kukamuliwa kilo 8,400 za maziwa kwa mwaka, na wetu kilo 475. Gawanya: kule gramu 15 za methani kwa kila kilo ya maziwa, huku gramu 97. Ng'ombe yule yule, karatasi ile ile, na mshtakiwa amebadilika. Ukihudhuria mkutano wa wataalamu, sikiliza kama msemaji anahesabu kwa kichwa au kwa lita. Utajua anakotoka kabla hajataja nchi yake.

Tanga ina la kusema hapa, kwa sababu huu ndio mkoa uliojaribu kuusogeza mgawo huo bila kuwa na nia hiyo. Kuanzia mwaka 1985, kwa msaada wa Uholanzi, wafugaji wadogo wa mkoa walianza kupewa mitamba chotara kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mmoja, unarudisha mtamba, anapewa jirani. Ng'ombe hafunguliwi, analetewa majani bandani. Chama kikuu chao cha ushirika kiliundwa mwaka 1993, na kutokana na maziwa hayo kikazaliwa kiwanda cha Tanga Fresh. Chotara hula zaidi kuliko zebu na hupiga mbweu kubwa zaidi. Lakini mbweu hiyo imegawanywa kwa ndoo ya maziwa, si kwa kikombe. Lengo la wakati ule lilikuwa ada za shule, na hakuna aliyewaza methani.

Kipimo kinachomheshimu ng'ombe mzima ni chumba cha pumzi. Mnyama huingizwa kwenye chumba cha kuta zinazopitisha mwanga, analishwa humo, hewa inavutwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mashine inalinganisha hewa iliyoingia na iliyotoka. Vyumba vya aina hiyo ni vichache sana Afrika. Vilivyo karibu zaidi na Tongoni ninavyovijua vipo Nairobi, kwenye kituo cha Mazingira cha taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI. Jina la kituo ni la Kiswahili, nalo ni Mazingira tu hata kwenye makala za Kiingereza.

Humo ndimo lilipofanyika jaribio ninalolipenda kuliko yote katika sura hii, likachapishwa mwaka 2020. Watafiti walichukua maksai wa aina ya Boran na kuwanyima chakula. Waliwapa chakula cha kutosha kutunza mwili, kisha asilimia 80 ya hicho, kisha 60, kisha 40, kwa zamu. Kwa nini umtese mnyama hivyo? Kwa sababu ndivyo kiangazi kinavyomfanya kila mwaka, kutoka Kilindi hadi Kiteto, na vitabu vya lishe karibu vyote vimeandikwa kwa ng'ombe walioshiba. Jumla ya methani ilishuka chakula kilipopungua, kama ulivyotarajia. Lakini walipofika kwenye asilimia 40, methani kwa kila kilo iliyoliwa ilipanda. Chakula kidogo hukaa tumboni muda mrefu, wapangaji wanakitafuna mpaka cha mwisho, na moshi kwa kila ukuni unazidi.

Bomba la kioo lisingeweza kugundua hilo. Kioo hakijui njaa. Unakitia miligramu 200 masika, unakitia miligramu 200 kiangazi.

Sasa mwani. Hadithi inaanzia kwenye ufuo wa baridi, Prince Edward Island huko Kanada, ambako mfugaji mmoja aliona ng'ombe wake waliochunga kando ya bahari na kula mwani uliotupwa na mawimbi wana afya kuliko wale wa bara. Mtafiti Rob Kinley na mwenzake wakaupima mwani huo kwenye vioo, wakaona methani imepungua. Kinley akahamia Australia, na mwaka 2014 watafiti wa Townsville wakachapisha jaribio la aina 20 za mimea ya majini ya kitropiki, kioo kwa kioo. Nyingi zilipunguza kidogo. Moja, mwani mwekundu uitwao Asparagopsis taxiformis, ulikaribia kuifuta methani kabisa, kwa asilimia 98.9. Siri yake ni bromofomu, kemikali inayomfunga mikono yule arkea katika hatua yake ya mwisho.

Hiyo ndiyo iliyofika redioni, asilimia 98.9, ng'ombe mzima akiwa hayumo. Walipojaribu kwa kondoo, upungufu ulifika asilimia 80. Kwa ng'ombe wa nyama California, mwaka 2021, ulizidi 80 kwa baadhi ya malisho. Kisha ng'ombe aina ya Wagyu wa Australia wakalishwa kwa karibu siku 300, na matokeo yaliyotoka mwaka 2023 yakasema asilimia 28. Uholanzi nako, baadhi ya ng'ombe waliukataa mchanganyiko huo, na bromofomu ikaonekana kwenye maziwa. Sisemi kwamba kioo kilidanganya. Kiliulizwa kama jambo hilo linawezekana, kikajibu linawezekana. Sisi ndio tuliosikia kwamba limekwisha kuwa.

Na mwani wa Tongoni? Unaolimwa pwani yetu ni spinosumu na kotonii, ambao thamani yao ni karajini, ute unaoenda kwenye dawa za meno na vyakula vya viwandani. Kilimo chake kinadaiwa fadhila na Profesa Keto Mshigeni, aliyesomea mwani Hawaii miaka ya 1970 na kurudi kuwasisitizia Watanzania kwamba baharini kuna shamba. Kilishika Zanzibar kuanzia mwaka 1989, kisha kikavuka kuja bara. Kichekesho ni kwamba Hawaii, Asparagopsis ni kitoweo: wanaukatakata na kuula na samaki mbichi. Lakini spinosumu na kotonii si Asparagopsis, kama kuku asivyo kanga kwa sababu wote wana mabawa.

Nilirudi Tongoni wakati wa bamvua nyingine. Mama nilimkuta juu, kwenye vichanja, anageuza mwani ukauke upande wa pili.

"Shikamoo mama. Nimeleta jibu."

"Marahaba. Lete, lakini fupi."

"Mwani unaozuia upo, ila si huu wako. Na si kujamba, ni mbweu. Na namba ya redioni ni ya kwenye chupa, si ya ng'ombe."

Alifikiri kidogo. "Na hao ng'ombe waliopimwa ni wa wapi?"

"Australia. Marekani. Uholanzi."

"Na wa Tanga?"

Kabla sijajibu, mmoja wa wale wawili alikuwa amenyoosha kamba yake mpaka mwisho, akauingiza ulimi chini ya kichanja na kuvuta fungu zima la mwani mkavu. Akalitafuna taratibu, macho nusu, huku makelele yakipigwa pande zote.

"Anafuata chumvi huyo," mama alisema akiokota kijiti. "Na mwenyewe atanilipa. Hiyo haipungui robo kilo."